Onyesha Mstari: Miaka Yangu ya Kuwachapia Wasomi wa Kiingereza

Mimi niliishia darasa la saba. Nalisema mapema ili msije mkalivumbua wenyewe mbele ya safari mkadhani nililificha. Maisha yangu ya kazi yote niliyamalizia kwenye chumba cha chapa cha chuo kimoja pale Korogwe, nikiwachapia walimu na wanafunzi wa digrii ya Kiingereza: majaribio, mashairi, vipande vya hadithi, orodha ndefu za vitabu ambavyo maktaba haikuwa navyo. Darasani kwao nilikaa saa moja tu, na hiyo nitaieleza. Kwa hiyo atakayesema "bibi huyu anajua nini" hajakosea sana. Hata mimi hujiuliza hivyo kila nikishika kalamu.

Lakini nimeishika. Nyinyi vijana mnaambiwa kila siku kwamba mtu anayekwenda chuo kusoma Kiingereza anakwenda kujifunza kuongea kwa puani, na mnanyamaza. Mimi nilinyamaza pia, mwaka huu huu, mbele ya ukoo mzima. Sinyamazi tena.

Ilikuwa hivi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, kaka yangu Sefu aliitisha kikao nyumbani kwake Mkata. Sefu ni mkulima wa mahindi na mihogo, ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyemlea Mwanaidi, binti wa mdogo wetu Hamisi aliyefariki mtoto akiwa darasa la pili. Mwanaidi alikuwa amefaulu vizuri. Shida ilikuwa kile alichotaka kujaza kwenye maombi ya chuo.

"Mtoto amechagua Kiingereza," Sefu alisema, kama anayetangaza kwamba mbuzi wameingia shambani. Kisha akanigeukia. "Sasa wewe Zaituni ulikuwa pale. Utuambie. Mtu anasoma Kiingereza miaka mitatu, kinasomwa nini? Maneno yenyewe hayaishi?"

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu.

"Wanasoma vitabu," nikasema.

"Hata hapa anasoma vitabu. Amelala kitandani, anasoma. Aende chuo kufuata kitanda?"

Wakacheka tena, na kusema haki, hata mimi nilicheka kidogo. Sefu akamaliza: binti ajaze ununuzi na ugavi, maana hakuna ofisi isiyonunua. Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa. Jicho lile lilinikaa. Shangazi mtu, niliyekuwa ndani ya chuo kuliko wote waliokuwa pale, nimeulizwa swali moja nikashindwa.

Niliomba tupewe wiki. Sefu si mtu mgumu; alikubali. Tukapanga Ijumaa baada ya swala, kwa sababu dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Jumamosi.

Nikarudi Korogwe nikayatoa madaftari yangu kwenye sanduku. Nimekuwa nikiandika kila siku kitu kidogo tangu mwaka wa kosa langu kubwa, na hilo kosa ndilo naanza nalo.

Enzi zile hatukuwa na kompyuta. Tulipiga taipu kwenye stenseli, karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa mashine ili herufi ziitoboe ile karatasi zenyewe, kisha unaifunga stenseli kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unapita kwenye vitundu. Nani kati yenu anajua kwamba herufi o haigongwi kwa hasira? Ukiigonga kwa nguvu inatoka duara zima, na kwenye karatasi panatokea doa jeusi kama tone la lami. Ilinichukua miezi kujifunza kuigusa o kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ukikosea unapaka dawa, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga upya. Jioni unanawa mikono kwa mafuta ya taa, na wali wako unanukia taa.

Stenseli zilikuwa adimu. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: ukurasa usiondoke kwenye mashine ukiwa na nafasi. Nafasi ni ubadhirifu. Nami nilikuwa mtiifu mno.

Siku moja Mwalimu Mhina aliniletea jaribio la darasa lake la mashairi. Mwalimu Mhina alikuwa Mshambaa mwembamba, mtu wa chai kavu, ambaye hakuwahi kuniita "wewe". Jaribio lilikuwa na shairi la mtu anayesubiri mvua. Nikalitazama. Mistari mifupi, mingine ina neno moja tu, na upande wa kulia karatasi nyeupe imekaa bure kabisa. Nikasema moyoni, hawa wasomi hawajui shida ya stenseli. Nikaibana. Nikaiunganisha mistari yote, moja kwa moja kutoka pembezoni hadi pembezoni, nzuri, imejaa, kama barua ya serikali. Jaribio lililohitaji stenseli mbili nikalimaliza kwa moja. Nilijisifu. Nikazungusha nakala zote, nikazipanga.

Asubuhi akaja, akaichukua ya juu, akaisoma amesimama.

"Mama Zaituni," akasema, "mistari iko wapi?"

"Ipo yote, mwalimu. Sikuacha hata neno moja."

"Maneno yapo. Nimeuliza mistari."

Nikamweleza habari ya stenseli. Nikamwonyesha kwa fahari ile iliyobaki. Alikaa kwenye kiti changu, akafunika uso kwa karatasi, mabega yakawa yanatikisika, nami nikajua kazi imekwisha. Kumbe anacheka. Akafuta macho, akasema, "Njoo nazo. Njoo darasani, uone ulichotufanyia."

Ndiyo ile saa moja. Nilikaa nyuma na mikono yangu ya wino. Aliwagawia karatasi zile zile nilizoharibu, akawaambia: shairi hili limebanwa, rudisheni mistari mahali pake, na kila mnapokata, mseme kwa nini. Basi. Hakusema zaidi. Nami nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Waligombana saa nzima. Kiingereza changu kilikuwa cha vidole, si cha kichwa. Niliweza kuyagonga maneno nisiyoyajua maana. Lakini walipopandwa na hasira waliingia kwenye Kiswahili, na hapo nikafuata. Shairi lilikuwa na mahali mtu anasema mvua ilisikika ikija toka milimani, watu wakatoa ndoo, na haikunyesha. Kijana mmoja, Yohana, mjukuu wa wale waliokuja kukata mkonge zamani wakabaki, alisema yale maneno ya mwisho yakae peke yake kwenye mstari wake. Mwenzake akakataa, akasema yaende na ndoo, maana ndoo ndizo zilizoaibika.

"Onyesha mstari," Mwalimu Mhina akamwambia yule wa ndoo. "Umeona wapi kwamba zimeaibika? Au wewe ndiye uliyeaibika?"

Yohana akasema, "Mwalimu, yakikaa na wenzake, mtu anayapita. Yakikaa peke yake, ni kama abiria aliyeachwa stendi. Lazima umtazame."

Nikasikia aibu ya aina nyingine, si ile ya kuogopa kufukuzwa. Ile nafasi nyeupe niliyoiita ubadhirifu ilikuwa na kazi. Mtu alikuwa ameiweka pale kusudi, kama unavyonyamaza kidogo kabla ya kumwambia mtu habari ya msiba. Nami nilikuwa nimeikata kwa kubana matumizi.

"Onyesha mstari." Mwalimu Mhina alilisema neno hilo mpaka nikalisikia ukutani hata akiwa hayupo. Mwanafunzi akisema mwandishi huyu anawadharau wanawake: onyesha mstari. Akisema mama huyu kwenye hadithi ni mwovu: onyesha, na ukishaonyesha, onyesha na ule mstari unaokupinga, maana upo, usijifanye hukuuona. Nililipeleka nyumbani. Marehemu mume wangu akisema, "Kila siku chakula kinachelewa," namwambia aonyeshe siku. Akanijibu kwamba Kiingereza cha chuo kimeniharibu. Ndipo nikaanza kuandika daftari, ili mwenye mstari niwe mimi. Na lazima niandike pia kwamba mara nyingi nilipofungua daftari, nilikuta chakula kilichelewa kweli.

Sasa, haki itendeke. Si wote walikuwa Mhina. Alikuwepo mwalimu aliyekuja na madokezo yaliyogeuka rangi ya chai, akayasoma mwanzo hadi mwisho wanafunzi wakiandika, na mwaka unaofuata akayasoma tena. Nilimchapia mtihani ule ule mara nyingi mpaka nikawa naugonga bila kutazama. Walikuwepo wanafunzi waliokariri, wakapata digrii, na ukiwapa waandike barua ya kuomba likizo wanatafuta mtu. Nayasema haya kwa sababu Sefu angeyasema, na ni heri nitangulie.

Lakini niliona na mengine. Nikipita dirishani niliona wakifundishwa sauti, wamekaa wawili wawili wakitazamana midomoni, huyu Mmasai, yule Mzigua, kila mmoja akigundua kwa mara ya kwanza ulimi wake unakokaa. Michoro ya kichwa kilichopasuliwa katikati niliichora mimi kwenye stenseli kwa kalamu ya chuma, na mhudumu wa usafi aliniuliza kama chuo kimeanza kufundisha udaktari. Niliona wakifundishwa namna lugha hiyo yenyewe ilivyokuwa lugha ya wanavijiji, ikachukua maneno ya watu bila kuomba, ikakua. Waliposoma hilo walitoka darasani wamenyooka. Mtu humwogopa tajiri mpaka ajue alikopitia.

Yohana alinieleza siku moja akisubiri nakala zake. Nilimuuliza, mjukuu wa manamba, Kiingereza kwako cha nini? Akasema, "Babu alikijua cha kufokewa tu, mama. Inuka, kata, beba. Mimi nataka kukijua kikiwa kimekaa kitako."

Kompyuta zilipokuja wakastaafisha mashine zetu, nami nikajifunza upya kwa kidole kimoja. Kazi za wanafunzi zikaja kwenye flashi, baadaye kwenye simu. Nikagundua kwamba nimepata kitu ambacho sikukisomea. Mwanafunzi ananiletea insha nimtolee nakala, natazama aya ya tatu, namwambia, "Kijana, hapa amekaa mtu mwingine." Ananywea. Amenakili. Sikujua Kiingereza cha kutosha kumwambia maana, ila mwendo wa sentensi ulikuwa umebadilika, kama ukimsikia jirani anatembea kwenye ua wako kwa viatu vya mumeo. Sijui kama hilo nalo linaitwa elimu. Labda najipendelea.

Madaftari yalinipa yote hayo, lakini hayakunipa jibu la neno moja la kumpelekea Sefu. Na nilijua silaha yake itakuwa ipi. Yohana, kijana yule yule wa abiria wa stendi, leo ni mtu mzima, anauza machungwa Mkata kwenye mabasi, na Sefu anamwona kila siku ya Mungu.

Ijumaa asubuhi nikashukia Mkata mapema nikamtafuta. Alikuwa na beseni lake, akaniona, akaliweka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yohana, ukweli. Unajuta?"

Basi likaingia, akaliacha lipite. "Siku nyingine najuta, siku nyingine sijuti. Uandike zote mbili, mama, ninakujua na daftari lako."

"Kaka yangu atakutaja leo."

"Anitaje. Kazi sikupata, hilo ni kweli, na usimdanganye binti kwamba ipo inamsubiri. Ila wananitaja bila kuniuliza. Wanaona beseni tu." Akanichagulia chungwa. "Tulipoletewa karatasi za mradi hapa, za Kiingereza, za kututoa stendi, wenzangu walikuwa tayari kutia sahihi. Niliwasomea. Sikuwaambia wakatae. Niliwasomea tu polepole, wakakataa wenyewe."

Nikayaandika hapo hapo nimesimama.

Kikaoni nilikuwa mimi tena karani. Sisi kikao chetu kina utaratibu: yanayosemwa yanaandikwa kwenye kauntabuku, mwisho yanasomwa kwa sauti, kila mkubwa anatia sahihi, na kilichotiwa sahihi hakirudiwi. Kauntabuku hilo limeamua mirathi na mahari kwetu, si mchezo. Watu walikuwa wanapukuchua mahindi huku wanasikiliza.

Nikasema yangu. Nikasimulia shairi nililolibana, wakacheka vizuri. Nikasema habari ya walimu wazuri na wa madokezo ya chai. Sikupendelea. Sefu akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Umesema vizuri, Zaituni. Ila Yohana yuko pale stendi. Nikimtazama yule, naogopa. Huyu binti si wangu, ni amana. Hamisi aliniachia. Nikimwachia apite njia hiyo, kisha akakaa barabarani na beseni, siku nikikutana na baba yake nitamwambia nini?"

"Yohana hukumuuliza," nikasema. Nikasoma maneno yake, yote, na lile la kujuta, na lile la karatasi za mradi. Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

"Anajuta siku nyingine," Sefu akasema. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Na wewe hujuti siku nyingine kwamba ulilima? Mvua ilipokatika ulisema utauza jembe."

"Nilisema hivyo?"

"Nina tarehe."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaongea Kizigua kidogo, kitu anachofanya akichoka, kisha akasema nisome muhtasari watu waondoke. Moyo ukaniuma. Niliona mambo yamekwisha, na kwa uchungu ule niliandika mstari wa mwisho haraka. Nikasimama nikasoma: waliohudhuria, dua, hoja, na mwisho: "Mzee Sefu amekataa Mwanaidi asisome Kiingereza."

"Simama hapo," Sefu akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Nimekataa? Nimekataa saa ngapi?"

"Kaka, umesema Yohana..."

"Nimesema naogopa. Hao wote wamesikia. Naogopa na nakataa ni kitu kimoja? Nimeogopa mambo mangapi nikayafanya? Nioneshe kwenye hilo buku lako niliposema nakataa."

Nikatazama ukurasa. Nilikuwa nimeandika maneno yake mwenyewe hapo juu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: naogopa. Kukataa hakukuwepo mahali popote. Neno hilo nililitia mimi. Mimi, ninayejidai haki, niliyembeba Mwalimu Mhina kichwani miaka yote, nilikuwa nimembana kaka yangu kama nilivyolibana shairi, nikakata ile nafasi ndogo aliyoiacha. Uso ulinichoma.

"Haipo," nikasema. "Nimekosea, kaka. Nisamehe."

Ndipo Mwanaidi akasema, kutoka mlangoni, bila kunyanyua sauti: "Baba mkubwa, hicho ulichofanya sasa hivi ndicho kinachosomwa kule."

"Kipi?"

"Hicho. Kuuliza imeandikwa wapi. Kukataa kusemewa usichosema."

Sefu akamtazama, akanitazama, akatazama ungo. "Hicho mimi ninacho," akasema. "Sikwenda chuo chochote."

"Ndiyo," Mwanaidi akasema. "Mimi bado sina cha kutosha. Nami nimekaa kimya vikao viwili watu wakinisemea."

Sefu akawageukia wale waliokuwa wanapukuchua, akasema, "Kumbe nina digrii na hamniheshimu," na hapo ndipo kikao kilipocheka kweli kweli. Akaniambia nifute neno nililoandika, niandike alilosema, na nyuma yake niongeze kwamba binti ajaze anachotaka, na yeye Sefu anaendelea kuogopa. "Hilo la kuogopa usiliache," akasema. "Nataka lisomeke." Akatia sahihi yake kubwa.

Jumamosi tulikwenda Korogwe kwenye duka la stesheneri, Mwanaidi akajaza, akatuma. Sijui kama atapata kazi. Sitawadanganya. Ikiwa siku moja atauza machungwa, atayauza anajua kusoma karatasi inayoletwa pale, na atakayemtaja bila kumuuliza atakuwa na kazi.

Nanyi mtakaoulizwa kinasomwa nini, msione haya kama nilivyoona mimi, na msiombe radhi kwa kupenda maneno. Aliyesema ni bure, mwulizeni alikosoma hilo. Mkimkuta ana mstari, msikilizeni.

Lile kauntabuku liko kwangu. Zamani kosa nililipaka dawa, nikapuliza, likapotea. Hili sikulipaka. Nimepiga mstari mmoja mwembamba juu ya "amekataa", na chini yake linasomeka bado, mwandiko wangu, na sahihi ya kaka iko pembeni yake.